Ewe Mrithi wa Nyumba ya Mawe, Panda Darini Leo!

Ule ufa unaujua. Usiniambie huujui!

Uko kwenye ukuta wa ngazi, unaanzia chini ya boriti ya pili na kushuka mpaka kwenye kidaka alichokuwa akiwekea msahafu babu yako. Mwaka juzi uliingia ukucha. Mwaka jana ukaingia kidole. Masika yaliyopita mwanao alitia sarafu ndani, ikapotelea huko, na nyote mkacheka. Mkacheka!

Methali ya ufa na ukuta umeisoma skuli, umeitamka harusini, umewatupia wenzio vikaoni. Leo nakuomba uichukue kama ilivyo, bila fumbo wala mafunzo. Ufa ni huo wa ngazini kwenu. Ukuta ni huo uliouegemea sasa hivi.

Nasema nawe wa Kiponda, wewe wa Malindi, wewe wa Sokomuhogo. Nasema nawe uliyeko Maskati, London au Toronto, mwenye thumuni yako halali katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, na ambaye hujazikanyaga ngazi zake tangu ulipokuja kuzika. Nasema nawe mpangaji unayetandika mkeka wako chini ya boriti zisizokuwa zako. Zikianguka, hazitauliza hati ni ya nani!

Mnangoja nini?

Hamkuliona jumba la Beit al-Ajaib? Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, likasimama juu ya nguzo zake za chuma, likizungukwa na roshani, mbele ya bahari, na likawa na umeme na lifti wakati ambapo mambo hayo yalikuwa hadithi tu katika pwani yetu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilimimina mizinga kwa muda wa dakika 38 hivi. Kasri la jirani likabomoka. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika. Jumba lenyewe likabaki wima!

Mizinga ililishindwa. Kisha tukaliachia miaka.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka. Hiyo ilikuwa barua, ndugu yangu, barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa Forodhani mbele ya kila mpita njia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ikashuka pamoja na mnara wa saa. Mafundi walikuwamo, maana matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza. Wawili wakafa. Walikuja kuliokoa, na likawaangukia!

Siku ile ulilia. Ulipiga picha. Uliisambaza kwenye kundi la ukoo, ukaandika "Inna lillahi". Halafu ukarudi nyumbani, ukapanda ngazi, ukaupita ule ufa, ukaenda kulala.

Mimi nami sihubiri nikiwa na mikono safi. Sikiliza yaliyotufika.

Bibi yetu alikuwa akikaa chini ya ngazi na ungo wake, akipepeta mchele na kuwasikiliza waingiao. Kila fundi akiingia, hata awe amekuja kwa kitasa tu, bibi alikuwa na neno lake moja: "Birika la hapa chini ya ngazi msilifukie. Lina njia yake ya maji, inatokea uchochoroni." Nasi tulimwitikia "ndiyo, bibi," kwa sauti ile ya kumnyamazisha mtu mzima. Unaijua sauti hiyo. Unayo!

Simu ya kurekodi nilikuwa nayo. Daftari nilikuwa nalo. Ijumaa kila wiki nilikuwa nayo, alasiri nzima, sina kazi. Nikasema ipo siku nitakaa naye anipitishe chumba kwa chumba, anieleze kila ukuta. Siku hiyo niliiahirisha Ramadhani, nikaiahirisha Mfunguo Mosi, nikaiahirisha baada ya mvua. Bibi hakuahirisha. Alifariki.

Baada ya miaka miwili tukaongeza choo. Fundi akakiona kitundu uchochoroni, akakiziba kwa saruji, kazi safi, tukamlipa na kumshukuru. Maji yakakosa pa kutokea. Yakapanda ukutani. Rangi ikabambuka, tukapaka nyingine. Ikabambuka tena, tukapaka tena. Ikabambuka mara ya tatu, tukatundika kalenda.

Kalenda, jamani!

Mwaka wa sita sakafu ya juu ikazama upana wa dole gumba. Tukamwita fundi mzee wa chokaa. Hakutugombeza. Alitoa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, akakichomeka kwenye ncha ya boriti pale inapozama ukutani. Kikaingia hadi mpini, kama kinaingia kwenye boflo. Akakichomoa, akakinusa, akanipa nami ninuse. Kilinuka uyoga. Akagonga boriti ile ile katikati: ngumu, kavu, inalia kama siku iliyoshushwa jahazini. Ncha tu ndizo zilizooza, mle ndani ya ukuta tuliouficha kwa kalenda.

Chumba kile tulikipoteza kwa kukosa sentensi moja ambayo hakuna aliyeiandika. Bibi aliisema kwa miaka arubaini!

Kwa hiyo usiniambie kwamba kuhifadhi ni kazi ya mafundi na kutafiti ni kazi ya wasomi. Kwenye nyumba ya mawe ni kazi moja. Usiyoyajua ndiyo yatakayoiangusha.

Sasa ijue nyumba yako! Kuta zake ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, unene wake unapita nusu mita. Boriti zake ni mikoko, nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka Rufiji. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vyenu ni virefu na vyembamba kama ushoroba? Ni kwa sababu upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti, nao ni kiasi cha mita tatu au pungufu yake. Mkoko ndio uliokuwa mchora ramani! Juu ya boriti yakapangwa mawe, juu ya mawe ikamwagwa sakafu ya chokaa na kokoto, ikatwangwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku, watu wamekaa mstari, wanapiga na kuimba mpaka ikashikana. Watu wa zamani walikuwa na subira ya ajabu, au labda walikuwa na nyimbo nzuri.

Nyumba kama hiyo hunywa maji na kuyatoa. Masika hulowa, kaskazi ikavuma hukauka. Hupumua! Ukiipaka saruji umeiziba pua. Unyevu ulio ndani haupati njia, chumvi inakusanyika, plasta ngumu inatengana na ukuta laini, na siku inapoanguka inaondoka na jiwe. Hayo unayajua. Umeliona bamba zima la saruji limelala barazani asubuhi, mgongoni limebeba vipande vya matumbawe. Ukafagia, ukanunua mfuko mwingine wa saruji!

Acha saruji. Acha leo. Acha hata kama fundi anakuapia kwamba hii ya safari hii ni ya namna nyingine.

Na lile tangi! Ndugu yangu, nimeliona tangi lenu. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Tani nzima umeiweka juu ya boriti za karne iliyopita, ukaiweka katikati, ukaiacha na mpira unaodondosha. Hungemruhusu ng'ombe mmoja alale pale. Umewapandisha wawili au watatu, usiku na mchana, na chini yao wamelala wanao!

Naye yule anayepandisha ghorofa ya tatu ili apangishe wageni? Kuta za chini zilijengwa kubeba zilichokibeba. Hazikuulizwa kuhusu wageni.

Panda darini! Mlizamu umejaa majani ya mwembe wa jirani, umejaa mavi ya njiwa, umejaa mpira aliourusha mtoto mwaka juzi. Maji yanafika pale, hayaoni njia, yanageuka na kuteremka ukutani kwako. Kuuzibua hakuhitaji mfadhili. Hakuhitaji warsha. Hakuhitaji mgeni kutoka Ulaya aje na kofia ya plastiki. Kunahitaji mkono wako, ndoo, na asubuhi moja!

Najua utakachosema. Nimekisikia kwenye kila baraza.

Utasema mirathi haijagawanywa. Kwa hiyo maji yanangoja kadhi? Wagawieni warithi nyumba, msiwagawie kifusi! Mko kumi na saba, mmetawanyika kuanzia Dubai hadi Toronto, hamwezi kukubaliana nani auze. Kwani kukubaliana kuondoa majani kwenye mlizamu kunahitaji akidi?

Utasema nyumba ni ya wakf. Na wakf ni nini? Mali iliyosimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Yule aliyeiweka wakf alitaka isimame, pango lake liendelee kufanya kheri baada yake. Amelala kaburini akitegemea paa lako. Wewe msimamizi, wewe mpangaji, mtamjibu nini?

Utasema kibali kinachelewa. Basi kiombe leo ili kichelewe kuanzia leo! Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na sheria yake ya uhifadhi ilipitishwa 1994. Mlango wake unaujua, kwa maana siku uliyotaka kutoboa ukuta kufungua duka ulikwenda mwenyewe.

Utasema pesa hakuna. Hapo sikukejeli, kwa sababu chokaa iliyoiva vizuri na boriti nzuri vina bei, na wengi wanaoishi ndani ya nyumba hizi si matajiri. Tangu wenyewe wengi waondoke baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi ziliwekwa humo, chumba kimoja watu sita, pango dogo, na hakuna aliyejua nani wa kutengeneza. Hilo ni kweli na ni zito. Lakini kuzibua mlizamu ni bure. Kuhamisha tangi likae juu ya ukuta mnene ni nguvu za vijana wanne na sufuria ya chai. Kumuuliza bibi ni bure. Anza na vya bure! Umevikataa hata hivyo.

Na muulize kweli! Muulize kabla ya magharibi, muulize angali na sauti, muulize angali anakumbuka. Chumba kipi kilikuwa cha kuoshea maiti? Ukuta upi zamani ulikuwa mlango wa kwa jirani? Lile wikio juu ya uchochoro liliunganisha nyumba mbili za nani, na ni ugomvi gani ulioliziba? Kisima kiko wapi? Birika liko wapi? Maji yanatokea wapi?

Wasomi wamefanya sehemu yao. Profesa Abdul Sheriff na wenzake wameandika vitabu juu ya historia ya mji huu na hifadhi yake. Waliotayarisha mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 walipita nyumba kwa nyumba, wakiandika hali ya kuta na mapaa, nyumba zinazopindukia 1,700. Lakini hakuna profesa aliyelala chumbani kwenu usiku wa mvua akasikia tone linaanguka wapi. Wewe umelisikia!

Simama mbele ya mlango wenu. Tazama juu, kwenye kizingiti, ndani ya zile nakshi. Huenda mna mwaka wa Hijria umechongwa, umefunikwa na vanishi kumi. Usafishe kwa kitambaa, taratibu. Ukisoma 1304, ujue fundi aliuchonga kati ya 1886 na 1887, Barghash bado yuko kwenye kiti. Umeupita mara elfu kumi ukiingia na mkate, hukuinua macho!

Fungua sanduku la marehemu. Toa zile hati za Kiarabu zilizokunjwa mara nne, ambazo nondo wameanza kuzisoma kabla yako. Zipige picha zote, mbele na nyuma. Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukaulize. Mji huu uliandikwa, ndugu yangu, uliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na mengine hayajafunguliwa na mtu kwa muda mrefu. Tafuta picha za zamani. Kuna kadi za mpiga picha A. C. Gomes zinazoonyesha mitaa yetu, na pengine roshani yenu imo pembeni, na kanga imeanikwa.

Kisha kwangua kwa ncha ya kucha kona moja nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana. Utaona nyeupe, halafu buluu, halafu nyeupe, halafu ile rangi ya nje ya ganda la papai bivu. Hesabu. Andika. Chukua karatasi ya mraba, pima vyumba kwa kamba, weka alama kila penye unyevu, kila ufa, kila boriti iliyolegea. Andika tarehe! Ufa usio na tarehe hukudanganya kwamba ulikuwapo siku zote.

Wala usiuze mlango. Nakusihi! Anakuja mtu mpole, amevaa vizuri, anasifia nakshi, anataja dola. Usiku unang'olewa, asubuhi pamewekwa geti la chuma, na mwaka wa ujenzi wa nyumba yenu umepakiwa kwenye makasha kwenda kuwa meza ya kahawa ya mtu asiyejua kuusoma.

Rudi! Bado inawezekana kurudi!

Tazama ile Dispensari ya Kale pale Mizingani. Tajiri Tharia Topan aliianzisha 1887, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Akafa 1891 haijakamilika. Mjane wake akaendeleza, ikamalizika 1894. Baada ya Mapinduzi ikaachwa, ikachakaa, mbao zikaoza, watu wakapita na kutikisa vichwa. Katika miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ukaifufua. Nenda kasimame chini yake leo, tazama roshani zile za mbao zilivyotobolewa kama kitambaa cha kofia ya viua. Ile nayo ilikuwa na ufa!

Tazama Kilwa Kisiwani. Mwaka 2004 magofu yake yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kwa sababu ya bahari iliyokuwa ikila ufuo na kuta zilizokuwa zikianguka. Watu wakafanya kazi, na wanakijiji wakiwemo. Mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo.

Lakini njia nyingine nayo iko wazi, na wapo walioishika. Liverpool, bandari yenye fedha na wasanifu tele, ilifutwa kabisa kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Sisi tuliingia mwaka 2000. Jina letu halikuchongwa kwenye jiwe, limeandikwa kwenye karatasi.

Na hata karatasi hiyo si ninayoililia. Nalilia ngazi zenu. Nalilia yule mtoto aliyetia sarafu ufani, ambaye leo jioni atapanda zile zile, miguu mitupu, kwenda kulala chini ya tangi.

Weka gazeti hili chini. Usilimalize hata likiwa limebaki kidogo. Ndoo iko chooni, ngazi ya mbao iko kwa sheha kama hamjamrudishia, na mbingu upande wa bahari imeanza kuwa nyeusi.

Ukishuka, mikono ingali na matope, kaa chini karibu na bibi. Muulize maji ya nyumba hii yanatokea wapi. Andika anavyosema, kwa maneno yake, hata akianza na habari za paka.